Kikosi cha Wafua Mashuka

Wewe unayenifuata tangu Jumapili ya kwanza, kaa vizuri. Na wewe uliyeliokota gazeti hili likiwa limefungia misumari dukani, kaa pia, nikueleze kwa kifupi aibu yangu ilipofikia.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na mmoja. Shule yangu ni ya msingi, na hata hiyo niliimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu. Miaka ishirini na minane nilikuwa nyapara wa chumba cha kufulia nguo hospitalini. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hospitali hiyohiyo. Mtaa mzima ulimwita Dereva, na mimi nikamwita hivyohivyo, kwa sababu jina lake la ubatizo lilikuwa refu na mimi ni mtu wa haraka.

Miguu ilipomkatalia, binti yetu wa mwisho alimwekea gemu kwenye simu. Ni gemu ya vita, inachezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Kila mchezaji ana mtu wake mle ndani, anamwendesha kwa vidole. Mtu wa Dereva alikuwa na miguu miwili mizima, na farasi juu. Miaka mitatu mume wangu alilala kitandani huku anakimbia.

Akajenga na nyumba mle ndani. Nyumba ya mawe, mlango wa kijani. Ukiufungua unasikia sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi: "Karibuni. Vueni viatu, nyumba ina mwenyewe."

Basi. Dereva alitutoka mwaka jana. Picha zake zipo, mashati yake yapo, sauti yake iko kwenye mlango ule tu. Ndiyo maana bibi mzima nacheza gemu. Msomaji mmoja ameniandikia akiniuliza kwa nini sikuirekodi kwenye simu nyingine. Mwanangu, niliirekodi. Inatoka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Sitaki mume wa ndani ya pipa.

Sasa gemu hiyo ina sheria. Kila msimu, kikosi cha watu watano lazima kishuke Kisimani kikaue Dubwana kwa jina la nyumba yao. Msimu ukiisha hamjaliua, nyumba inabomolewa na kila kilichomo. Msimu ulikuwa unaisha Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Na wiki iliyopita niliwaachia pale Jemadari, yule mwenye sauti ya bata mwenye mafua, aliponiambia nimpe uongozi au ataondoka na wachezaji wote wazoefu wa kikosi changu. Nikamwambia mlango ni ule. Akautumia. Akaondoka na wote kumi na mmoja, na upinde wangu.

Nikabaki peke yangu, siku tatu mkononi.

*

Nakiri hapa mbele yenu: nilidanganya.

Nilipiga simu kwa watu wanne tuliokuwa wote chumba cha kufulia. Nikawaambia, "Njooni Jumamosi saa nane mchana, tumkumbuke Dereva. Njooni na simu zenye chaji." Hakuna aliyeuliza simu za nini. Watu wakishasikia kumbukumbu wanawaza chakula tu.

Wa kwanza kufika alikuwa Kamua. Yule ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kukamua, jitu la mabega mapana lililozeeka upande mmoja. Alikuja na mfuko wa karanga, na kila akimeza moja alikuwa anajifuta mkono kwenye kochi langu.

Akafuata Sabuni. Huyu alikuwa anagawa sabuni ya unga kwa kijiko, na kijiko chenyewe alikuwa anakisawazisha kwa kidole. Alipoingia tu alinusa hewa. "Nyapara, mbona sinusi kitu jikoni?"

"Kinapoa," nikamwambia.

"Kinapoa kabla ya kuiva?"

Wa tatu, Kamba. Mrefu, mwembamba, alikuwa anaanika. Mwoga huyo! Hata mende wa chumba cha kufulia walimjua, walikuwa wanamfuata kwa raha zao.

Wa mwisho alikuwa Pasi, mpigaji pasi wetu. Mwanamke mtaratibu, nguo safi, maneno machache. Wenzake walivua viatu mlangoni kama watu. Yeye akapita navyo mpaka juu ya mkeka wangu.

"Samahani Nyapara, mguu umevimba. Nikivua sitavaa tena."

Nikatazama vumbi kwenye mkeka. Kwa mguu uliovimba sisemi kitu.

Nikawakalisha, nikawaeleza ukweli. Nikawawekea sauti ya Dereva, wakaisikia kutoka kwenye simu yangu. "Karibuni. Vueni viatu, nyumba ina mwenyewe."

Kamba akapiga kite, akaanza kulia. Kamua akaacha kutafuna. Sabuni akaisogelea simu yangu.

"Na wewe mkewe unaambiwa hivyohivyo?" akaniuliza. "Vueni viatu, kama mgeni?"

Hapo alinigusa penyewe. Kwa sababu mlango ule unabeba salamu mbili. Moja ni ya kila mtu. Ya pili ni ya mtu mmoja tu, yule ambaye mwenye nyumba amempa ufunguo. Nilishawahi kumuuliza Dereva kwa nini mimi hakunirekodia ya kwangu. Akacheka. "Wewe ukija si najua ni wewe? Salamu ya nini tena kwa mtu wa ndani?" Nikaona ni mapenzi. Nikaliweka neno lile kifuani kama leso.

"Ya pili hakuirekodi," nikamjibu Sabuni. "Alikuwa mvivu wa maneno."

Pasi akakohoa, akaomba maji.

*

Kuwafundisha wale watu kulinitia kichefuchefu ambacho sijakipata tangu siku tulipoletewa mashuka ya wodi ya kuhara yakiwa yamekaa kwenye mfuko siku tisa.

Wakaingia kwenye gemu. Kila mgeni hupewa gunia la kuvaa na rungu. Kamua, gunia. Sabuni, gunia. Kamba, gunia, na alikuwa ameligeuza nyuma mbele. Pasi akatokea na koti jekundu na fimbo ya moto.

"We, hilo koti umelitoa wapi?"

"Mjukuu wangu huwa anachezea simu yangu," akasema. "Sijui hata ni nini hiki."

Wenzake walikuwa wanabonyeza kioo kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Pasi alikuwa anatumia vidole gumba viwili, bila kuangalia. Nikasema moyoni, mkono wa pasi ni mkono mwepesi.

Kabla ya kufika kwenye mdomo wa Kisima kuna shimo, lazima uliruke. Kamua akatumbukia. Sabuni akatumbukia. Kamba alikataa kuruka kabisa, akawa anazunguka kama mbuzi aliyefungwa. Pasi akaruka, akatua, akageuka kutungoja.

"Bahati tu," akasema.

Mle ndani Kisima kinakupa kengele tatu. Kengele moja, jaribio moja. Dubwana lenyewe linakaa katikati, tumbo kama gunia la samaki waliooza, mikono saba, mdomo ulio wazi muda wote. Kazi yake ni kutapika. Linatapika ute wa kijani, ukikupata unapanda polepole kutoka miguuni. Ukifika kooni umekufa. Dawa yake ni kukimbilia kwenye birika la maji pembeni uoge.

"Ndiyo kazi tuliyostaafu hii," akasema Sabuni. "Matapishi. Umetuita tena kwenye matapishi."

Kengele ya kwanza ikalia.

Dakika mbili hazikufika. Nilipiga kelele, "Kushoto! Rudi nyuma! Tumia dawa! Sabuni, kunywa dawa!" Sabuni alikuwa na chupa kumi na mbili za dawa kwenye mkoba wake. Ute ukapanda mpaka kiunoni, mpaka kifuani.

"Kunywa!"

"Ngoja kwanza. Bado haijafika kooni."

Akafa. Alikufa na chupa zote kumi na mbili, hakuna hata iliyofunguliwa. Tukafuata mmoja mmoja.

"Sasa ulikuwa unaziwekea nani?" nikamuuliza.

"Dharura," akasema.

Wazoefu wa Jemadari walikuwa wamekuja kututazama. Gemu inaruhusu watu kusimama juu ukingoni wakacheka. Maneno yao yakawa yanapita kwenye kioo changu. *Bibi, nenda kafue soksi.* *Hicho ni kikosi au foleni ya kliniki?* Na Jemadari mwenyewe, kwa sauti yake ya bata: "Mama, nipe nyumba nikusaidie. Bado una saa moja na nusu."

Nikamzima sauti. Sikuweza kumzima sura, na mgongoni alikuwa amevaa upinde wangu.

Kengele ya pili ndiyo nisiyoisahau. Mara hii walipigana vizuri kidogo, mikono miwili ya Dubwana ikakatika. Kisha Kamba akapatwa na ute, akaogopa, badala ya kukimbilia maji akakimbilia ukutani. Akafa.

Mnajua walichofanya wenzake?

Waliacha vita. Kamua akaja akasimama kando ya maiti. Sabuni akaja. Wakamzunguka Kamba aliyelala pale chini, kimya, vichwa chini.

"Mnafanya nini?" nikalia.

"Si amekufa?" akasema Kamua. "Tumwache peke yake?"

"Lakini mwenyewe yuko hapo kwenye kochi! Anakunywa maji!"

"Pole Kamba," akasema Sabuni, akampigapiga bega Kamba wa kwenye kochi.

"Ahsante jamani," akasema Kamba, na machozi yakamtoka kwa kujililia.

Dubwana halina adabu ya msiba. Lilitapika mara moja tu, likawafunika wote waliohudhuria. Nikabaki mimi na Pasi. Pasi alipigana peke yake karibu dakika nzima, akiruka huku na huku kama panzi, nami nimeduwaa, mpaka mkono wa tatu ukampata mgongoni.

Kule juu ukingoni walikuwa wanagaagaa kwa kicheko. *Nani anatoa wasifu wa marehemu?*

Nikaitupa simu kwenye mto.

Niseme ukweli wangu. Wakati ule niliwachukia wote. Nilimchukia Kamua na karanga zake zilizolipaka mafuta kochi langu. Niliuchukia mkoba wa Sabuni na machozi ya Kamba. Nikajichukia na mimi. Kwa sababu Dereva alipokuwa hai, alikuwa ananiomba kila siku mchana, "Mama Watoto, njoo ukae hapa tucheze kidogo." Nami nilikuwa namjibu, "Sikai na mtu anayechezea wadudu kwenye kioo." Nachukua kikapu natoka. Mchana wote mpaka saa kumi. Nilikuwa naenda kupiga soga kwa jirani, nikimwacha na simu yake. Nilichefuliwa na kitanda, na harufu ya dawa, na yeye pia, kidogo. Nimeliandika, basi.

Saa ya ukutani ikasema saa kumi na dakika kumi.

*

Aliyetuokoa ni Kamba, bila kujua.

Alipomaliza kujililia akasema, "Nyapara, sisi hatuelewi ukituambia kushoto kulia. Zamani ulikuwa hutuambii kushoto kulia."

"Nilikuwa nawaambia nini?"

"Ulikuwa unasema loweka, tunaloweka."

Nikamtazama. Mrefu yule, mwoga yule, aliyevaa gunia nyuma mbele.

Nikainuka. Nikasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, kama nilivyokuwa nasimama kwenye ile sakafu ya maji, mashine zinanguruma, majoho ya madaktari yanangojwa saa nne kamili.

"Wafanyakazi!" nikasema.

"Naam Nyapara!" Wote wanne, kwa pamoja. Kamua alificha mfuko wa karanga nyuma ya mgongo.

"Sikilizeni. Nikisema loweka, wote kwenye birika, hata kama mko wasafi. Nikisema sugua, mnapiga. Nikisema anika, mnatawanyika, na mnajua sheria ya kamba."

"Shuka lisiguse shuka," akasema Kamba.

"Nikisema kunja?"

"Wawili wawili, pembe kwa pembe," akasema Sabuni.

"Mnakuja wawili wawili nyuma ya ngao yangu. Kamua, kuna mnyororo pale umeshika shingo ya Dubwana. Nikitaja jina lako?"

"Navuta mpaka litoe maji ya mwisho."

"Pasi anamaliza kwa moto. Sabuni!"

"Naam."

"Chupa kumi na mbili. Leo tunafua mashuka ya chumba cha upasuaji. Sitaki kijiko. Mwaga!"

Sabuni akaikumbatia simu kama mtu aliyeambiwa auze mtoto. "Yote?"

"Yote!"

Kengele ya tatu ikalia.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Ungefumba macho ungesikia hospitali. "Sugua! Sugua! Anika!" Wakatawanyika, hakuna aliyemgusa mwenzake, ute ukaanguka katikati pasipo na mtu. "Kunja!" Wakaja wawili wawili, wamepangana. "Loweka!" Wote majini kama bata. Sabuni alikuwa anamwaga dawa huku anaugulia, "Mungu wangu, Mungu wangu," kila chupa kwa jina lake. Kamba aliogopa vilevile, ila aliogopa kwa mpangilio.

Mkono wa nne ukakatika, halafu wa tano, halafu wa sita. Kule juu vicheko vikaanza kupungua. Kisha vikaisha.

Dubwana likajivuta, tumbo likafura. Hapo ndipo linapotapika mara ya mwisho, na ute ule hauna birika.

"Kamua!"

Jitu likavuta mnyororo. Alikuwa anavuta simu yenyewe mpaka nikadhani ataivunja vipande viwili. Mishipa ya shingo ikamtoka. Shingo ya Dubwana ikainama, mdomo ukafungwa, tumbo likabaki limejaa kama shuka lililojaa maji.

"Pasi! Piga!"

Pasi akaruka. Koti jekundu hewani, fimbo ya moto ikashuka katikati ya paji la uso. Dubwana likapasuka, na uchafu wake wote ukamwagika Kisimani, na baadhi ukaruka mpaka ukingoni kwa wazoefu. Naambiwa koti la Jemadari halitoki doa mpaka leo.

Saa kumi na dakika arobaini na moja.

Sebule yangu iligeuka harusi. Kamua alinibeba. Kamba alimbusu Sabuni, Sabuni akajifuta mate kwa kitambaa cha meza yangu. Mimi nilikuwa nacheka huku nalia, sijui kipi kilianza.

Pasi alikuwa amekaa palepale, simu mapajani, anajifuta macho kimyakimya kwa ncha ya mtandio.

*

Ukishinda, gemu inakurudisha mlangoni kwako. Tukajikuta wote watano mbele ya nyumba ya mawe, mlango wa kijani, maandishi ya dhahabu juu: *Nyumba hii imelindwa.*

"Ingieni," nikawaambia. "Mmoja mmoja, kila mtu amsikie kwenye simu yake. Mmemlinda nyinyi."

Akaingia Kamua. Sauti ikatoka, tulivu, yenye mkwaruzo wa sigara alizoniapia kuwa ameziacha: "Karibuni. Vueni viatu, nyumba ina mwenyewe."

"Ahsante, Dereva," akasema Kamua.

Akaingia Sabuni. "Karibuni. Vueni viatu, nyumba ina mwenyewe."

Akaingia Kamba. Kusikia vueni viatu akainama kochini atafute viatu avue, na viatu vyenyewe viko mlangoni tangu saa nane. Tukacheka tena.

Nikaingia mimi. Maneno yaleyale. Nikafumba macho nikayanywa.

Akabaki Pasi. Koti jekundu limesimama nje, hatua tatu kutoka mlangoni.

"Pasi, ingia."

"Mimi inatosha, Nyapara. Nimeshamsikia kwenye za kwenu."

"Ingia bwana! Wewe ndiye uliyeliua."

"Simu inaisha chaji."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikachungulia. Chaji ilikuwa nusu na zaidi.

"Mgongo nao unaniuma. Nadhani niende zangu."

"Hebu acha maringo ya kizee," nikasema. Na mnajua mimi ni mtu wa utani, sikuwahi kumwachia mtu aibu yake akae nayo kwa amani. Nikampokonya simu. Alijaribu kuishika. Nikaiinua juu, nikacheka, nikaweka dole gumba langu mwenyewe kwenye kioo, nikasukuma.

Koti jekundu likatembea. Hatua ya kwanza. Ya pili.

"Nyapara, tafadhali," akasema Pasi. Kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Ya tatu.

Mlango ukafunguka, na marehemu mume wangu akasema, polepole, karibu na sikio, kama mtu anayetabasamu gizani:

"Ooh, umekuja mwenye nyumba. Wewe ingia na viatu vyako."

Karanga ilimdondoka Kamua mdomoni, nikaisikia inagonga sakafu.

Miaka ishirini na minane nimeshika matapishi ya watu kwa mikono mitupu. Nimechambua mashuka ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Sijawahi kutapika hata siku moja. Siku hiyo nilihisi kitu kinapanda kutoka miguuni, polepole, cha kijani, magotini, kiunoni, kifuani, na hapakuwa na birika.

Sauti ile nimeipigania mimi. Nimewadanganya wazee ili iendelee kuwapo. Dakika arobaini na moja baada ya saa kumi nimeiokoa, na imeokoka na hilo ndani yake.

"Mchana," nikasema. Nilikuwa naongea na saa ya ukutani. "Mchana, mpaka saa kumi."

Pasi akainuka. Akaunyoosha mkono taratibu, akaichukua simu yake vidoleni mwangu, na vidole vyangu vikamwachia.

"Dada," akasema. Tangu tujuane hajawahi kuniita dada. "Kabla hujatamka neno, niulize kwanza mumeo alikuwa ananiomba nini kila siku mle ndani. Niulize, maana si unachofikiri. Kingekuwa hicho, ingekuwa afadhali."

Wote wakanitazama. Mimi sikuwa namtazama usoni.

Nilikuwa natazama mkeka wangu. Mguu wa kulia haukuvimba. Wa kushoto haukuvimba. Na viatu alikuwa navyo bado.